Kujipima Kabla ya Kukata: Mwongozo wa Kuishi na ADHD kwa Mtu wa Kazi za Ubunifu

Katika kabati langu la kazi mna droo moja ambayo kwa miaka mingi sikuifungua mbele ya mgeni. Humo nilikuwa nikificha michoro niliyoianza kwa shauku nikaiacha imebaki kidogo tu: jalada la kitabu cha mashairi lisilo na jina la mtunzi, wanyama wa hadithi ya watoto wasio na rangi, na kanga niliyoibuni pindo lake lote huku mji ukibaki mtupu. Mimi ni mchoraji wa vielelezo, na niligundulika kuwa na ADHD, kifupi cha Kiingereza cha hali ya upungufu wa umakini na kutotulia, nikiwa mtu mzima, baada ya kuitwa mwenye mapepe tangu darasa la kwanza.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mchoraji, mwandishi, mshonaji, mtunzi wa muziki au mhariri wa video ambaye mawazo humjia kwa wingi lakini kazi humalizika kwa shida, na ambaye amechoka kujichukia kwa sababu hiyo. Hatua zake zimepangwa kwa utaratibu ulionifaa mimi, nawe unaweza kuanza na ile inayokugusa zaidi, isipokuwa hatua ya pili, ambayo sikushauri uiruke.

Hatua ya kwanza: Ijue hali yenyewe

ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo, na haitokani na malezi mabaya. Hujitokeza kwa sura mbili zinazoweza kukutana ndani ya mtu mmoja: kushindwa kuuelekeza umakini pale unapohitajika, na kutotulia pamoja na kutenda kabla ya kufikiri. Kwa mujibu wa mwongozo wa utambuzi uliotolewa mwaka 2013 na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani, mtu mwenye umri wa miaka 17 au zaidi anapaswa kuwa na angalau dalili 5 kati ya 9 za mojawapo ya makundi hayo mawili, ziwe zimedumu kwa miezi 6 au zaidi, zionekane katika mazingira zaidi ya moja, kwa mfano nyumbani na kazini, zimkwamishe kweli katika maisha, na baadhi yake ziwe zilikuwapo kabla hajatimiza miaka 12. Sharti hilo la mwisho lina uzito wake, kwa sababu mtu ambaye hakuwahi kuwa msahaulifu, kisha akaanza kusahausahau akiwa na miaka 35, huenda ana jambo jingine linalohitaji kuchunguzwa.

Neno "upungufu" linalotumika katika kuitafsiri hali hii hupotosha kidogo. Umakini upo, ila usukani wake haukai mkononi. Mtu yule yule anayeshindwa kujaza fomu ya kurasa mbili huweza kukaa saa saba akichora manyoya ya bundi, na hapo ndipo jamaa humwambia, "Mbona ukitaka unaweza?" Kutaka peke yake hakumtoshi. Njia za ubongo zinazotumia kemikali za dopamini na noradrenalini, hasa katika sehemu ya mbele inayosimamia mipango na kujizuia, hufanya kazi kwa namna tofauti kwa watu hawa, hivyo jambo jipya, la kuvutia au la dharura huwaamsha, na jambo ambalo ni muhimu tu huwaacha pale pale.

Mwaka 1902 daktari wa watoto wa London, George Still, alitoa mihadhara kuhusu watoto waliokuwa na tabia za namna hii, akaieleza hali yao kuwa ni kasoro ya kujidhibiti kimaadili. Tiba imekwisha kuliacha jina hilo, lakini mitaani lingali hai kwa maneno mengine: mzembe, hasikii, hana adabu, ana kiherehere. Wasichana wengi hupitwa hata na majina hayo, kwa kuwa mapepe yao yako kichwani. Mwalimu humwona msichana wa namna hiyo amekaa kimya karibu na dirisha, akadhani anasikiliza.

Hatua ya pili: Pata uchunguzi wa daktari

Video ya dakika moja kwenye simu inaweza kukutia shaka, lakini haiwezi kukuchunguza. Lipo dodoso la watu wazima lililotayarishwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, lenye maswali 18, ambalo maswali yake 6 ya mwanzo hutumika kama chekecheke ya awali. Lijibu, kisha ulipeleke kwa daktari wa magonjwa ya akili au kwa mwanasaikolojia tiba. Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa Muhimbili ina huduma za afya ya akili. Dodoma kuna Mirembe, Unguja kuna Kidongo Chekundu, Nairobi kuna Mathari na Kampala kuna Butabika. Hospitali za akili zimefanyiwa mzaha mwingi mitaani, na ninamjua mtu aliyezunguka kituo cha daladala mara tatu kabla ya kupata ujasiri wa kuingia getini. Mtu huyo ni mimi.

Nenda na ripoti zako za shule ya msingi ikiwa bado zipo, kwa sababu maneno ya mwalimu kama vile "ana uwezo ila hajitumi" yanaweza kumsaidia daktari kuliko kumbukumbu zako mwenyewe. Zisipokuwapo, mwombe mama, shangazi au kaka mkubwa akusimulie ulivyokuwa ukiwa na miaka 7 hadi 11. Mweleze daktari pia habari za usingizi, wasiwasi, huzuni ya muda mrefu, matatizo ya tezi ya shingo, pombe na dawa nyingine unazotumia, kwani mambo hayo huweza kufanana na ADHD au kuambatana nayo. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, usisubiri tarehe ya miadi. Mwambie mtu leo na mwende pamoja kwenye kituo cha afya kilicho karibu.

Kuhusu dawa, inayotumika sana ni methilfenidati, ambayo wengi huijua kwa jina la Ritalin. Imo katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unaodhibiti dawa zinazoathiri akili, kwa hiyo hutolewa kwa cheti cha daktari tu. Huweza kupunguza hamu ya kula, kuvuruga usingizi na kupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, ndiyo maana anayeitumia hufuatiliwa. Anayesafiri kwenda kufanya kazi Dubai au Abu Dhabi hana budi kuomba kibali cha dawa hiyo kwa mamlaka za huko kabla ya kupanda ndege. Na kwa kuwa tunazungumza kwa uwazi, niseme kwamba wapo wasanii wanaojitibu wenyewe kwa miraa bila kujua kwamba wanajitibu. Miraa ina kathinoni, kichangamshi chenye undugu na amfetamini, lakini jani halina kipimo wala daktari wa kulifuatilia, na usingizi linaouiba leo hulipwa kesho kwa umakini mdogo zaidi. Nchini Tanzania, ambako huitwa mirungi, sheria inaihesabu kuwa dawa ya kulevya.

Hofu kubwa ya wabunifu wengi ni kwamba tiba itaua kipaji chao. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2020 hayakukuta kwamba dawa hizi kwa jumla hupunguza ubunifu. Kwa upande wangu, mawazo hayakupungua. Kilichobadilika ni idadi ya michoro inayotoka nje ya ile droo.

Hatua ya tatu: Zikatae hadithi mbili

Hadithi ya kwanza ni ya uvivu. Chukua karatasi, ipige mstari katikati, na upande wa kushoto uandike majina uliyowahi kuitwa au kujiita. Upande wa kulia, mkabala na kila jina, andika tukio lililosababisha jina hilo, bila kujitetea na bila kujihukumu, kama mwandishi wa ripoti. Mkabala na neno "hajali" mimi niliandika hivi: "Nilisahau siku ya kuzaliwa ya dada. Kadi yake nilikuwa nimeichora wiki mbili kabla, nikaiweka ndani ya kitabu ili isikunjike, nikasahau ni kitabu kipi." Ukisoma tukio kama hilo kwa utulivu utaona kwamba dada aliumia kweli, na utaona pia kwamba asiyejali hachori kadi wiki mbili kabla. Mambo hayo mawili hukaa pamoja, na mojawapo halifuti jingine. Zoezi hili linaweza kuchukua jioni nzima na linaweza kukuliza, hivyo ni vizuri kulifanya mtu unayemwamini akiwa karibu.

Hadithi ya pili ni tamu zaidi, nayo husema kwamba ADHD ni kipaji kilichofichwa. Msingi kidogo upo. Watafiti wa Marekani, Holly White na Priti Shah, walichapisha mwaka 2006 na 2011 matokeo yaliyoonyesha kwamba watu wazima wenye ADHD walipata alama za juu kuliko wenzao katika majaribio ya kutoa mawazo mengi yaliyo tofauti, ingawa katika utafiti wa mwaka 2006 walipata alama za chini katika jaribio la kutafuta jibu moja linalounganisha vitu vilivyo mbalimbali. Yale mapitio ya mwaka 2020 yaliongeza tahadhari: wingi huo wa mawazo ulionekana zaidi kwa watu wenye dalili ambazo hazikufikia kiwango cha utambuzi. Mwanamuziki will.i.am amesema hadharani kwamba ana ADHD, na habari hiyo hutia moyo, lakini msanii wa kiwango chake huwa na watu wa kumshikia kalenda. Binafsi sipendi kuiita hali hii nguvu ya ajabu, kwa sababu siku nguvu hiyo isipoonekana, anayeiamini hujiona ameshindwa mara mbili.

Hatua ya nne: Jipime

Fundi cherehani hamkasirikii mteja ambaye bega lake moja liko juu kuliko jingine. Huandika kipimo kwenye daftari, kisha hukata kitambaa kwa kukifuata. Sisi tumezoea kujikatia nguo ya mtu mwingine, mtu wa kuamka saa kumi na moja alfajiri na kumaliza kila jambo kwa mpangilio, halafu tunashangaa kwamba haitukai. Kujikubali ninakokuzungumzia hapa huanzia kwenye futikamba, na hakukulazimishi kwanza ujipende.

Kwa muda wa siku 14, kabla ya kuanza kazi yoyote, andika muda unaodhani itachukua, na ukimaliza uandike muda iliochukua. Usijirekebishe katika siku hizo. Mchoro wa ukurasa mmoja niliokuwa nimeukadiria saa 4 ulinichukua saa 9. Kujibu barua pepe tatu, ambako nilikukadiria dakika 15, kulikula dakika 50. Kuosha brashi, kazi niliyoiwekea nusu saa na kuikwepa kwa siku nne, kulichukua dakika 6. Nilijifunza mambo mawili kwa mpigo: kazi ninayoipenda naikadiria pungufu, na kazi inayonichosha naikuza akilini mpaka inakuwa mlima. Tangu hapo kila makadirio ya kuchora nayazidisha kwa mbili na robo, na kila kazi ya kuchosha naianza kabla sijapata nafasi ya kuifikiria.

Tumia kipimo chako unapopanga bei na tarehe. Mteja akiuliza kazi itakuwa tayari lini, usimjibu papo hapo, kwa maana jibu la papo hapo hutolewa na shauku. Mwambie, "Naomba nikupe jibu kesho saa nne asubuhi," kisha uandike ahadi hiyo mbele yake. Nilipoanza kufanya hivyo nilipoteza wateja wawili waliotaka kazi ya siku tatu. Hiyo ilikuwa hasara ya kweli, na kodi ya mwezi ule niliilipa kwa kukopa.

Pima pia saa za mwili wako. Wapo wanaochora vizuri baada ya sala ya alfajiri na wapo wanaochangamka nyumba ikishalala. Ukizijua saa zako mbili au tatu bora, zifunge kwa ajili ya kazi ngumu, na mambo ya risiti, simu na kwenda benki yapelekee saa zilizobaki.

Hatua ya tano: Toa kumbukumbu kichwani

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kwa mtu mwenye ADHD wazo nalo ni mali. Kuwa na daftari moja tu, dogo la kuingia mfukoni, kwa sababu madaftari matano ni sawa na kutokuwa nalo. Kazi zinazoendelea zibandike ukutani mahali unapopita ukienda kunywa maji. Kilichofungiwa ndani ya faili hutoweka. Funguo, miwani na chaja ziwe na kikapu chao mlangoni. Kwa malipo ya mara kwa mara, weka kikumbusho kwenye simu siku tatu kabla ya tarehe yenyewe, na malipo ya awali ya mteja yatenge katika akaunti tofauti mpaka kazi ifike nusu.

Hatua ya sita: Kaa karibu na mtu anayefanya kazi

Kuanza ndiko kugumu kuliko kuendelea, na dawa yake nzuri kuliko zote nilizojaribu haiuzwi. Tazama mafundi cherehani waliopanga mashine zao kwenye baraza moja, au wachoraji wa Tingatinga pale Morogoro Stores, Oyster Bay, Dar es Salaam, wanaochora wakiwa pamoja. Kila mmoja ana kazi yake, lakini uwepo wa mwenzake humshika kwenye kiti. Watu wengi wenye ADHD hueleza kwamba wakiwa peke yao chumbani hawaanzi, ila mtu mwingine akikaa karibu akifanya shughuli zake, hata bila kuzungumza nao, mkono huenda wenyewe.

Kwa hiyo tafuta mwenza wa kukaa naye. Anaweza kuwa dada anayesoma kwa ajili ya mtihani, jirani anayechambua mchele, au rafiki wa mji mwingine ambaye mnafungua simu ya video mkiwa kimya. Mwambie mwanzoni jambo moja dogo utakalolifanya, dogo kiasi cha kuchekesha: "Nachanganya rangi ya anga." Usimwambie kwamba unamaliza kitabu. Kaeni dakika 25, mpumzike 5, mrudie. Sisi tulioumizwa na methali ya mshika mbili tunayo nyingine ya kujitetea nayo: bandu bandu huisha gogo.

Hatua ya saba: Wekea mipaka kuzama

Kuna siku utazama ndani ya kazi mpaka usahau kula. Utamu wake ni mkubwa na kazi nzuri hutoka humo, hivyo sikuambii uuogope. Weka tu maji na chakula mezani kabla ya kuanza, weka kengele katika chumba kingine ili ulazimike kusimama kuizima, na kabla ya kuondoka andika sentensi moja juu ya karatasi: "Kesho anzia kivuli cha mti wa kushoto." Bila sentensi hiyo, kesho utaitazama kazi yako kama ya mgeni.

Hatua ya nane: Fungua droo

Wazo jipya lina tabia ya kubisha hodi pale la zamani linapobakiza hatua za mwisho, ambazo huwa kavu kuliko zote: kusahihisha, kusafisha kingo, kutuma. Usilifukuze wala usilifuate. Liandike kwenye daftari, weka tarehe, ulisubirishe siku 7. Mengi hupoa yenyewe. Kwangu kanuni ni kazi tatu wazi kwa wakati mmoja. Ya nne haiingii mpaka mojawapo itoke.

Kazi hutoka kwa milango miwili, kumalizwa au kuzikwa, na huo wa pili ndio tunaousahau. Toa kila kitu kilichomo ndani ya droo, kitandaze sakafuni, na kwa kila kipande ujiulize kama ungekianza leo. Ambacho usingekianza, kiandikie nyuma tarehe na neno moja la kile kilichokufunza, kisha kifungwe na kamba. Ile kanga yangu niliizika, kwa sababu niligundua kwamba nilichokipenda kilikuwa pindo tu, na pindo lile baadaye nililitumia kuzungushia kurasa za kitabu cha watoto kilichochapishwa.

Hatua ya tisa: Waambie wanaohusika

Si lazima kila mtu aujue utambuzi wako. Mteja anahitaji kujua unavyofanya kazi: "Naomba maelekezo kwa maandishi, na nitakuonyesha rasimu kila Jumanne." Ombi hilo ni la kawaida kwa fundi yeyote.

Nyumbani mambo ni mazito zaidi. Chagua wakati ambapo hakuna ugomvi, na useme kwa heshima, ukianza na madhara uliyoyasababisha. Mimi nilimwambia mama, "Mama, najua nimekuchosha kwa kusahau. Daktari ameniambia ni hali niliyozaliwa nayo. Sikuelezi ili unisamehe kila kitu, bali ili unisaidie kwa jambo moja: ukinituma, naomba unitumie na ujumbe." Mama alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, basi na baba yako naye ni huyo huyo." Tulicheka, lakini hakuwa amekosea sana: tafiti za mapacha na familia hukadiria kwamba urithi huchangia takriban asilimia 74 ya tofauti kati ya watu katika hali hii. Uwe tayari, basi, kwa mzazi atakayeyasikia maelezo yako kama maelezo ya maisha yake mwenyewe, na umpe muda. Akitokea jamaa wa kusema ni majini, pokea dua yake kwa shukrani, na miadi ya daktari uiache pale pale ilipo.

Hatua ya kumi: Andaa utaratibu wa siku iliyoharibika

Itakuja siku ambapo kengele haitasikika, mteja atapiga simu mara nne na daftari litakuwa limebaki kwenye bodaboda. Uandike utaratibu wa siku hiyo sasa, ungali mtulivu, na uubandike ndani ya mlango wa kabati. Wangu una mistari minne. Kunywa maji na kula. Mtumie mteja ujumbe mfupi wenye tarehe mpya na usio na kisa kirefu. Usianze mfumo mpya wa kupanga maisha leo. Fanya kazi moja inayomalizika chini ya dakika 10. Mimi huosha brashi.